Kasema nini hasa huyo mgombea?

Wiki hii naomba tuache kidogo habari za wachumba wanaozimiana simu na mashosti wanaoibiana mabwana. Nitarudi huko, usinune. Leo nina dukuduku na watu wa kazi yetu hii ya magazeti, hasa pale mgombea anapodaiwa kuwa mbaguzi wa rangi.

Neno "mbaguzi" ni tamu kweli kulipanga ukurasa wa mbele. Fupi, linakaa vizuri kwenye wino mwekundu, na mauzo yanapanda. Na unajua mwenyewe wengi wetu gazeti tunalisoma pale mezani kwa muuzaji, mikono nyuma, shingo mbele, kisha huyoo, tunakimbilia daladala. Cha ndani hatukioni. Kwa hiyo mtu akiitwa mbaguzi kwa herufi kubwa kama kiatu, kwisha habari yake hata kama ni uzushi. Akiwa kweli ana maneno machafu, na gazeti likayachimbia ukurasa wa ndani, hapo wanaoliwa ni wapiga kura.

Ngoja nikupe kisa cha Marekani, maana wenzetu hili jambo limewatoa jasho mara nyingi.

Mwaka 1984 Jesse Jackson, mchungaji mweusi aliyewahi kufanya kazi na Martin Luther King, alikuwa anawania tiketi ya Democrat kugombea urais. Mwezi Januari akakaa na mwandishi wa gazeti la Washington Post pale uwanja wa ndege wa Washington, wanapiga stori. Mwandishi mwenyewe, Milton Coleman, naye mweusi. Jackson akamwambia waongee mazungumzo ya watu weusi, yaani kwa lugha ya kijiweni, hapa tuko wenyewe. Katika kuongea huko akawaita Wayahudi "Hymie", na jiji la New York, lenye Wayahudi wengi, akaliita "Hymietown".

Hymie linatokana na jina la kawaida tu la kiume la Kiyahudi, Chaim, ambalo kwa Kiebrania ni uhai. Ubaya ni kuwabandika watu wote jina moja kwa kejeli. Huna haja ya kwenda mbali kulielewa. Mtu akipita Kariakoo akasema "hawa maponjoro", kila mmoja anajua kasema nani na kwa moyo gani.

Sasa jiweke wewe kwenye viatu vya Coleman. Mbele yako yuko mtu mweusi aliyefika mbali kuliko weusi karibu wote waliojaribu kabla yake. Kina mama wanalia wakimwona jukwaani. Kakuamini, kakuita ndugu, kateleza ulimi. Ukinyamaza, umemlinda mgombea dhidi ya wapiga kura, na hiyo si kazi uliyoajiriwa nayo. Ukisema, mtaani kwenu utaonekana kibaraka. Na kuna swali jingine gumu: ile kauli ya tuongee sisi kwa sisi ni ahadi ya kutokuandika, au ni mbwembwe tu? Watu wamebishana kuhusu hilo miaka na miaka.

Coleman hakunyamaza, ila hakuandika mwenyewe pia. Alimpa maneno hayo mwenzake, Rick Atkinson, aliyekuwa anaandaa habari ndefu juu ya uhusiano mbaya wa Jackson na Wayahudi. Habari ikatoka tarehe 13 Februari 1984. Unajua maneno yale yaliwekwa wapi? Aya ya 37! Nakuapia. Aya thelathini na sita za maelezo, halafu ndipo bomu, limelala kimya kama paka chini ya meza. Siku chache baadaye ukurasa wa maoni wa gazeti hilohilo ukamkalia kooni Jackson ajieleze. Ndipo moto ukawaka.

Mimi hapo ndipo ninapogombana nao. Kama maneno ni mazito kiasi cha kumtaka mtu ajieleze mbele ya taifa, yalifuata nini huko chini? Na kama ni mepesi ya kukaa aya ya 37, kelele za nini? Gazeti lilitaka kusema bila kuonekana limesema. Hata sisi mtaani tunao watu wa hivyo, anakuletea umbea halafu anakwambia "lakini mimi sijasema".

Jackson naye alichemsha. Kwanza alikana. Kisha akalalamika kwamba Wayahudi wana njama ya kumwangusha. Mwisho, tarehe 26 Februari, siku mbili kabla ya kura ya mchujo ya New Hampshire, akaingia kwenye sinagogi mjini Manchester katika jimbo hilo, akakiri na kuomba radhi kwa uchungu. Aliendelea na mbio, akamaliza na kura zaidi ya milioni tatu za michujo, na mwaka 1988 akarudi akapata zaidi ya maradufu. Hivyo wale waliosema maneno hayo yakiandikwa mtu atazikwa, hesabu yao iligoma. Watu walipewa maneno, wakapewa na radhi yake, wakapima wenyewe.

Aliyeonja joto ya jiwe ni Coleman. Louis Farrakhan, kiongozi wa Nation of Islam aliyekuwa akimuunga mkono Jackson, alimwita msaliti hadharani na kuzungumzia siku ya kumwadhibu kwa kifo. Baadaye akasema hakuwa anamtishia maisha, lakini wewe ungelala usingizi? Aprili mwaka huo Coleman aliandika mwenyewe kisa chote gazetini, nani kasema nini, wapi, na yeye alikielewaje. Nionavyo mimi, makala ile ndiyo ingetangulia Februari.

Linganisha na kisa cha pili, cha jimbo la Virginia, Agosti 2006. Seneta George Allen anatetea kiti chake. Kwenye mkutano wa kampeni kuna kijana wa miaka 20 mwenye asili ya India, S. R. Sidarth, katumwa na kambi ya mpinzani wake Jim Webb kumfuata na kamera. Allen akamnyooshea kidole mbele ya umati, akamwita "macaca" mara mbili, kisha akamkaribisha Marekani. Kijana mwenyewe kazaliwa palepale Virginia!

Allen alidai neno kalitunga tu. Macaca, kwa Kifaransa macaque, ni aina ya nyani. Na hapa wasomaji wetu wenye jamaa Kongo wataruka kwenye viti, maana enzi za Mbelgiji hilo ndilo tusi Wazungu walilowatupia Wakongo. Mama yake Allen alikulia Tunisia, akiongea Kifaransa. Kama alilijua neno au hakulijua, mimi siko moyoni mwake. Lakini magazeti na televisheni hayakuhitaji kuingia moyoni mwake. Mkanda ulikuwepo. Kila mtu alimsikia kwa masikio yake, tusi, sauti na vicheko vya watu waliokuwepo, na maelezo yake yakawekwa pembeni. Hiyo ndiyo kazi safi.

Uchafu ukaja Septemba. Jarida la mtandaoni la Salon likaandika madai ya watu waliocheza naye mpira chuoni miaka ya 1970, kwamba alikuwa akitumia lile tusi baya kuliko yote kwa weusi. Mmoja alijitaja jina, wawili walijificha. Allen akakana kabisa, na wachezaji wengine wakasema hawakuwahi kusikia kitu kama hicho. Halafu profesa mmoja wa siasa aliyesoma naye akasema kwenye televisheni, kwa uhakika wote, kwamba Allen alilitumia tusi hilo. Alipobanwa ikabainika hakulisikia yeye mwenyewe. Sasa hapo ni kimbembe! Anayejitaja jina, wanaojificha na aliyesimuliwa wote wamechanganywa chungu kimoja, na mtu wa kawaida anabaki na neno moja tu kichwani.

Sisemi habari ile isingeandikwa. Aliyejitaja jina na kukubali kuulizwa maswali alistahili kusikilizwa. Nasema kichwa cha habari kingesema ni watu wangapi, nani kajificha, nani kakataa, badala ya kumwacha msomaji akachimbue. Mkanda wa Agosti na kumbukumbu za miaka 30 si mzigo wa uzito mmoja. Allen alishindwa kwa kura kama 9,000 kati ya zaidi ya milioni mbili, na kiti hicho kikachangia Democrat kushika Seneti. Ukibishia uzito wa neno moja gazetini, kumbuka namba hiyo.

Jimbo hilohilo, mwaka 2017, lilimchagua daktari Ralph Northam kuwa gavana. Februari 2019 tovuti moja ya mrengo wa kulia ikatoa picha kutoka kwenye ukurasa wake katika kitabu cha wahitimu wa udaktari wa 1984: mtu mmoja kajipaka weusi usoni, mwingine kavaa joho la Ku Klux Klan. Northam akaomba radhi kwamba yumo. Kesho yake akasema hayumo, ila aliwahi kujipaka weusi akimwigiza Michael Jackson kwenye shindano la kucheza. Wanasheria walioitwa kuchunguza walishindwa kuthibitisha waliomo ni kina nani, naye akamaliza muda wake mwaka 2022. Kitabu kilikuwa na miaka karibu 35. Kwenye kampeni ya 2017, watu walipokuwa bado na kura mkononi, hakuna gazeti lililochapa picha hiyo.