Mikrofoni nyingi, sauti moja

Mama aliyekimbia vita anapoulizwa habari kambini, mara nyingi sauti yake inapotea. Mvua inapiga turubai, watoto wanalia, pikipiki zinapita. Jioni redio ikifunguliwa, jirani zake wanasikia kelele tu.

Njia ya kumsaidia ipo. Mikrofoni kadhaa zinapangwa kwa mstari. Sauti inasafiri karibu mita 340 kwa sekunde, basi inafikia moja kabla ya nyingine. Sentimita 34 zinaichelewesha kwa elfu moja ya sekunde. Kompyuta inasawazisha tofauti hizo na kujumlisha. Sauti ya mama inapata nguvu, kelele za pembeni zinafifia. Yeye anabaki mlangoni pa hema, mtoto mapajani, bila chombo mbele ya mdomo.

Lakini chombo kinachosikia kwa mbali kinasikia na siri: mume amejificha wapi, nani alibaki kijijini. Neno moja linaweza kuleta hatari. Kwa hiyo mama aombwe ruhusa kwanza, hata akiwa mbali. Akikataa, mashine izimwe. Nyumba na shamba aliviacha. Sauti alikuja nayo, nayo ni mali yake.