Pini 49 Zilizonigharimu

Mwaka jana nilinunua prosesa ya Intel ya kizazi cha 10, kisha ubao mama wa bei nafuu, nikiazimia kuwaundia wanangu kompyuta. Katika karakana moja ya Buyenzi, fundi kijana alivitazama, akatikisa kichwa.

“Mwalimu, prosesa hii yataka soketi ya pini 1200. Ubao wako una 1151.”

Kwa upana vililingana kabisa! Nusu ya mshahara wangu ilikuwa imelala pale mezani.

Niliubadilisha ubao kwa hasara. Safari hii nilisoma kwanza namba ya soketi, halafu aina ya kumbukumbu, maana DDR5 haiingii penye nafasi ya DDR4. Fedha alizishika mke wangu.