Padre wa Little Steeping

Mimi ni Mwanglikana wa Muheza, wa ubani, kengele na kupiga magoti. Nilipokuja Lincolnshire kufanya kazi ya kutunza wazee, makanisa ya vijijini niliyaona kama makumbusho: mnara wa mawe, makaburi yaliyoinama, na Jumapili waumini wasiojaza mabenchi mawili. Nikawa nasali kwa simu, nikifuatilia ibada za nyumbani. Sadaka yangu yote ilikwenda Muheza.

Mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia aliniuliza kwetu wapi. Muheza hakupajua, nikamtajia Zanzibar. Akaniambia askofu mmoja wa zamani wa Zanzibar aliwahi kuwa padre wa Little Steeping, jirani tu hapo.

Kumbe ni Askofu Edward Steere! Kaburi lake ninalijua, nyuma ya altare ya kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, palipokuwa soko la watumwa. Siku ya mapumziko nikaenda. Little Steeping ni kijiji kidogo ukingoni mwa nchi tambarare, na kanisa lake la Mtakatifu Andrea lilikuwapo kabla Uingereza haijaachana na Papa mwaka 1534. Mwaka 1912 lilikarabatiwa kwa kumbukumbu ya Steere.

Kabla ya kupewa Little Steeping, Steere alikuwa padre msaidizi Skegness, kabla reli ya 1873 haijapafanya mji wa watu wa likizo. Rafiki yake William Tozer alikuwa na parishi ya Burgh le Marsh, si mbali. Tozer alipowekwa wakfu kuwa askofu wa misheni ya Afrika mwaka 1863, Steere akamsindikiza, akikusudia kukaa mwaka mmoja au miwili. Walianzia upande wa Zambezi; mambo yakawashinda huko, na 1864 wakahamia Unguja.

Lililonishika zaidi ni miaka ya katikati. Mwaka 1868 Steere alirudi Uingereza, kwenye parishi yake ya Little Steeping, akakaa hadi 1872. Humo ndani, mwaka 1870, London ilichapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili pamoja na hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Sungura na masultani wetu waliingia kitabuni wakati mwandishi wake ni padre wa shamba, mchungaji wa vibarua wa ngano na kondoo. Mimi nilikuwa nimezoea kudhani imani yetu ilitumwa na wakubwa wa London. Kumbe sehemu yake ilitoka kwenye parishi mbili za watu wa udongo.

Tangu hapo nasali kanisa la kijiji ninachoishi. Nimepewa zamu ya kusoma somo, na lafudhi yangu wameizoea. Sadaka sasa naigawa, maana huku kila parishi hulitunza jengo lake yenyewe.

Mdogo wangu aliposikia akapiga simu.

“Dada, hata Wazungu wanachangisha paa?”

“Wanachangisha, mdogo wangu, na wanauza keki kabisa.”

“Basi waambie na sisi letu linavuja.”