Habari Huanza Kabla ya Jeneza

Nimefanya kazi maisha yangu yote katika vyombo vya habari vya Kanisa Katoliki, katika majimbo ya Meru na Embu, na sehemu kubwa ya niliyoandika inahusu watu wanaohama: wanaotoka kwetu kwenda mbali, na wanaopita kwetu kutoka mbali. Kazi hiyo imenifikisha kwenye hoja moja ambayo wengi wa wakubwa zangu hawakuipenda. Kanisa letu ni hodari wa kumhurumia mhamaji akishakufa au akishafungwa, na uandishi wetu umezoea kufuata huruma hiyo kwa nyuma. Mimi nashikilia kwamba huruma ya mwandishi ni usahihi unaofika mapema. Sheria inasema nini, pesa zimepita mikononi mwa nani, mkataba umeandikwa kwa lugha gani: haya yakijulikana parokiani kabla ya safari, yanamfaa msafiri kuliko ibada ya mazishi yenye hotuba nzuri.

Chukua tangazo la kifo cha msichana aliyefia Ghuba, kama linavyosomwa baada ya misa au kusikika kwenye redio zinazotangaza kwa Kimeru na Kiembu. Lina jina la marehemu, majina ya wazazi, kigango na parokia, shule aliyosomea, gharama ya kurudisha mwili, nambari ya M-Pesa ya mweka hazina, na mahali wanapokutana jamaa na marafiki kila jioni kupanga mazishi. Kila kitu kimo, kasoro vitu vitatu: jina la wakala aliyempeleka, jina la mwajiri aliyempokea, na mwezi wa mwisho aliolipwa mshahara. Hivyo vitatu ndivyo vinavyoeleza kifo chenyewe. Tangazo halivitaji kwa sababu familia inaogopa mwili usicheleweshwe, na wakala mara nyingi ni mtu wa karibu, pengine anasali kanisa hilo hilo. Gazeti la Kanisa likichapisha tangazo kama lilivyoletwa, limesaidia kuchangisha. Lakini msichana wa kigango cha pili, ambaye tayari ameshapimwa afya na kupigwa picha ya pasipoti, hajasaidiwa kwa lolote.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba msimamo huu unawaharibia watu riziki. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, na Saudi Arabia ni miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa kutuma. Kuna nyumba za mawe Igembe na Mbeere zilizojengwa kwa mishahara ya kazi za nyumbani Riyadh, na kuna watoto waliomaliza sekondari kwa pesa hizo. Tena mwaka 2014 ulitufundisha kwamba kufunga mlango si kuwalinda watu. Mwezi Juni mwaka huo Uingereza ilipiga marufuku miraa, zao la Igembe, mwaka mmoja na zaidi baada ya Uholanzi, na mapato ya Igembe yakatikisika. Miezi michache baadaye serikali ya Kenya nayo ikasimamisha uajiri wa kwenda Mashariki ya Kati na kufuta leseni za mawakala zaidi ya 900. Safari hazikukoma. Wengi walipitia Uganda, bila kuandikishwa popote, na walipopatwa na shida hakukuwa na karatasi ya kumshika mtu yeyote. Marufuku ilipoondolewa 2017 tulirudi kwenye mikataba na leseni, na bado mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ililiambia Bunge kuwa Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudi Arabia katika muda wa miaka miwili hivi. Mwaka huo huo Saudi Arabia ililegeza utaratibu wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, lakini wafanyakazi wa nyumbani wakaachwa nje ya mageuzi hayo, na wa nyumbani ndio binti zetu. Kwa hiyo sijawahi kuandika kwamba watu wasiende. Nimeandika nani ana leseni na nani hana, na kwamba mageuzi yaliyotangazwa kwa shangwe hayamgusi anayekwenda kupika na kulea watoto. Anayejua hilo anakwenda akiwa na macho.

Upande wa pili wa kazi yangu ni barabara ya kaskazini. Hadi 1995 Isiolo ilikuwa sehemu ya Jimbo la Meru, kwa hiyo njia inayoshuka kutoka Moyale haijawahi kuwa habari ya ugenini kwetu. Tangu lami ilipofika mpakani, vijana kutoka kusini mwa Ethiopia, hasa Hadiya na Kembata, wanasafirishwa kupitia Marsabit na Isiolo wakielekea Afrika Kusini, na wengine wanakamatwa Isiolo, Meru na Embu. Mwethiopia mwenye pasipoti hahitaji viza kuingia Kenya. Anayekamatwa ni yule asiye na hati, au aliyevushwa nje ya kituo cha mpakani. Hati ya mashtaka huwa ni karatasi moja yenye majina mengi, yameandikwa kama karani alivyoyasikia, na shtaka moja kwa wote: kuwa nchini bila kibali. Sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 inaweka adhabu ya hadi shilingi 500,000 au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Wanakiri, wanafungwa au wanarudishwa mpakani, na kesho yake gazeti linaandika idadi yao. Dereva hatajwi. Mwenye nyumba walimofichwa hatajwi.

Hapa ndipo mwandishi wa Kanisa ana kazi isiyofanywa na mwingine. Katiba, katika ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo, na Kiamhara si lugha ya mama ya wengi wa vijana hao. Wana Kihadiya na Kikambaata chao. Sheria ya kupambana na ulanguzi wa binadamu ya 2010 inamwekea mlanguzi kifungo cha miaka 30 au zaidi, au faini ya shilingi milioni 30 au zaidi, na inasema wazi kuwa aliyelanguliwa hashtakiwi kwa kosa la kuwa nchini bila kibali. Sidai kwamba kila Mwethiopia anayekamatwa amelanguliwa. Wengi wamelipa wenyewe na wanajua wanakokwenda. Lakini nani amelipa na nani ameuzwa haijulikani mpaka mtu aulizwe kwa lugha anayoielewa, na swali hilo lisipoulizwa, mhasiriwa anatumikia kifungo huku mlanguzi akipakia kundi lingine. Mwisho wa njia hiyo unajulikana. Machi 2020, mkoani Tete nchini Msumbiji, lori lilifunguliwa na ndani yake Waethiopia 64 walikuwa wamekufa kwa kukosa hewa. Oktoba 2022 likapatikana kaburi la halaiki Mzimba, Malawi, na Desemba ya mwaka huo miili 27 ikatupwa kando ya barabara karibu na Lusaka. Vijana wa njia hiyo ya kusini ndio hao tunaowasoma kwetu kama idadi.

Maofisa wa usalama, na Wakatoliki wengi wazuri, wamenijibu kwamba nchi iliyopoteza kwa ugaidi watu 67 Westgate mwaka 2013 na 148 Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 haiwezi kuwa laini mpakani. Nakubali. Serikali ina wajibu wa kujua nani ameingia, na mafundisho ya Kanisa hayajawahi kukana wajibu huo. Ila kumfunga kijana wa Hadiya bila kumhoji hakumpi mpelelezi chochote, ilhali shahidi anayelindwa anaweza kumtaja aliyemleta. Na watu wa Meru na Embu wana sababu yao wenyewe ya kutoliamini shtaka linalomgusa kila mmoja kwa pamoja. Papa Pio XII alitoa katiba yake ya kitume juu ya familia zilizo uhamishoni, Exsul Familia, Agosti 1952. Mwezi Oktoba mwaka huo huo uhamisho ukafika kwetu: serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari Kenya. Mnamo Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, Wagikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa mitaani Nairobi, wakachujwa, wakapelekwa vizuizini au kurudishwa maeneo waliyotengewa, na hakutembea mtu bila kitabu cha kibali. Babu zetu walikuwa wahamiaji wasio na karatasi katika nchi yao, na waliowakamata walitumia sababu hiyo hiyo ya usalama. Sisemi kwamba mambo hayo mawili ni sawa. Nasema kwamba jamii yenye kumbukumbu hiyo inapaswa kuwa ya kwanza kuuliza kila mshtakiwa ana kisa gani.

Wapo pia wanaosema kwamba gazeti la jimbo haliwezi kufanya haya kwa kuwa mwenye gazeti ni askofu, na askofu hataki kesi. Ni kweli kwamba hatuko huru kwa namna ambayo gazeti la biashara liko huru, na ni kweli kwamba redio za Kimeru na Kiembu kama Muuga FM na Wimwaro FM zinasikika na watu wengi kuliko sisi. Lakini gazeti la biashara nalo lina mwenyewe, na matangazo ya mawakala ni pesa kwake, sisi hatuyategemei. Tena tunacho ambacho redio haina: jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, mtandao ambao maaskofu wa Afrika Mashariki waliuchagua tangu miaka ya 1970 kuwa msingi wa uchungaji. Katika kila jumuiya yupo mama anayejua ni binti wa nani amekwenda Nairobi "kwa mafunzo", na amelipa nani. Habari hiyo haihitaji ofisi kubwa. Inahitaji mwandishi anayerudi, na paroko asiyeogopa kuulizwa.

Kuhusu kesi, nimetetea njia moja na bado naitetea. Kumtaja wakala kuwa tapeli bila ushahidi ni kashfa, na ni dhambi pia. Lakini Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, hutoa orodha ya mawakala wenye leseni, na kuichapisha orodha ya serikali si kashfa kwa mtu yeyote. Ibandikwe kwenye mlango wa kila kanisa kutoka Maua hadi Kiritiri, chini yake nakala ya mkataba wa kazi kwa Kiswahili, na ibadilishwe kila orodha mpya inapotoka. Wakala asiyekuwemo atajitokeza mwenyewe kulalamika, na hapo mwandishi aende na daftari lake kumsikiliza.