Stima Haikuchoma Kitu

Mwaka 2023, shule zilipofunguliwa kwa muhula wa tatu, wazazi wa shule moja ya upili karibu na Keroka waliambiwa kwamba rekodi za karo za muhula wa pili zimepotea, kwa kuwa stima ilipokatika na kurudi iliunguza kompyuta iliyozihifadhi. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu. Stima haikuchoma kitu. Rekodi zile nilizifuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na haraka ya kupokea pesa za mtu.

Kazi yangu ni kutunza tovuti za watu: shule, makanisa, vikundi vya akiba, mwenye malori ya kubeba majani chai. Wenzangu wengi hukodi nafasi kwenye seva za Nairobi au Ujerumani. Mimi wakati huo seva nilikuwa nayo chumbani, nyuma ya duka la dawa za mifugo, pamoja na inveta na kebo ya intaneti. Wateja waliipenda hivyo, maana tovuti ikikwama walitaka mlango wa kubisha, si namba ya kupigia. Na kubishiwa mlango Keroka tumekuzoea. Mji uko nusu Kisii nusu Nyamira, mpaka wenyewe unagombaniwa mpaka leo, na mfanyabiashara wa hapa huwajua watoza ushuru wa kaunti zote mbili kwa sura.

Agosti hiyo mashine ilikuwa imezeeka. Feni inakoroma, diski imeanza kutoa makosa. Nikanunua nyingine, ya mtumba lakini yenye nguvu zaidi, nikapanga kuhamia likizoni wakati shule zimefungwa. Kuhama kwenyewe hakuna siri: unanakili faili, unachukua bekapu za databesi, unazipakia upande wa pili, unajaribu kila kitu, halafu ile ya zamani unaizima na kuiweka pembeni bila kuigusa kwa wiki kadhaa. Hiyo hatua ya mwisho ndiyo huwashinda watu wasio na pesa. Mashine yangu ya zamani ilikuwa imeshapata mnunuzi, kijana mwenye saiba kule Nyansiongo.

Sasa niseme kilichoharibika, kwa sababu kilianza miezi kabla.

Kila usiku skripti yangu ilikuwa inachukua nakala ya kila databesi, inaibana, inaipa jina na tarehe. Mwezi wa Mei nilibadilisha paswadi ya databesi ya ile shule baada ya msaidizi wangu kuacha kazi. Kwenye tovuti nikaweka paswadi mpya. Kwenye skripti nikasahau. Tangu usiku huo skripti ikawa inabisha hodi na kufukuzwa, lakini mimi nilikuwa nimeiunda kwa programu mbili zilizofuatana: ya kwanza inatoa data, ya pili inabana chochote inachopewa. Ya kwanza ikakataliwa, isitoe kitu. Ya pili ikabana hicho kisicho kitu na kuripoti kwamba kazi imekwisha salama, na kompyuta kwa kawaida humuuliza wa mwisho tu kwenye foleni. Faili tupu ikibanwa kwa njia ile hutoka na baiti 20. Kwa hivyo kila asubuhi palikuwa na faili mpya, jina sawa, tarehe sawa, baiti 20. Nilikuwa naiangalia orodha ile mara kwa mara. Ukubwa umeandikwa pale pale, ubavuni mwa tarehe. Jirani zake zina mamilioni, yenyewe ina 20, na macho yangu yanasoma tarehe, yanaridhika. Onyo mashine ilikuwa inalituma kila usiku kwenye sanduku lake la barua la ndani, ambalo sikuwahi kulifungua tangu niiwashe.

Siku ya kuhama niliipakia faili ile kwenye seva mpya, nayo haikulalamika. Ukiipa databesi faili tupu, inaisoma mara moja, inamaliza, inanyamaza. Nikafungua tovuti ya shule: picha ya geti ikatokea, kauli mbiu ikatokea, ratiba ya mitihani ikatokea. Upande wa karo sikuingia. Ulihitaji paswadi ya mhasibu, na kumpigia simu likizoni niliona ni usumbufu. Isitoshe, yule kijana wa Nyansiongo alikuwa ameketi kwenye benchi la dukani akisubiri mzigo wake.

Kitu kimoja nilikifanya kama kinavyotakiwa. Kwa kuiheshimu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, diski ya zamani sikuifuta juu juu. Niliiandika sifuri kuanzia mwanzo hadi mwisho, ili mnunuzi asije akakuta majina ya watoto wa watu. Kazi safi kabisa. Hakuna programu ya kufufua data ambayo ingeokota hata herufi moja. Akalipa kwa M-Pesa, akaibeba. Ilikuwa Jumatano.

Ijumaa ya tarehe 25 Agosti, usiku, karibu nchi nzima ikaingia gizani, na sehemu nyingi zikalala na kushinda bila stima. Jumatatu shule zikafunguliwa, mhasibu akapiga simu: “Kijana, mbona karo haifunguki?” Nikaangalia. Nikaangalia bekapu za usiku uliotangulia, na za wiki zilizotangulia: 20, 20, 20. Skripti hufuta zilizopita mwezi mmoja, kwa hiyo hata zile nzima za kabla ya Mei zilikuwa zimekwenda. Kilichosalia ni flashi niliyomjazia mhasibu mwisho wa muhula wa kwanza, kwa ajili ya wakaguzi.

Nikamwambia, “Mzee, ni ile stima ya Ijumaa. Imeunguza diski.” Wiki ile hapakuwa na Mkenya wa kulihoji jibu kama hilo. Akasema, “Pole sana, kijana.”

Nilikuwa ninaijua habari ya GitLab, kampuni inayowatunzia watengeneza programu kazi zao mtandaoni. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wao mmoja, akiwa amechoka usiku, alifuta databesi kwenye seva isiyo yenyewe, akabakisha kama gigabaiti 4.5 kati ya 300. Walipozikimbilia bekapu wakakuta zilikuwa zikifeli kimyakimya, na barua pepe za onyo zikikataliwa zisimfikie mtu. Ugonjwa wangu huo huo, isipokuwa wao waliutangaza ulimwengu mzima, wakarusha kazi ya ukarabati moja kwa moja kwenye YouTube. Wakapoteza data ya takriban saa sita. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo nikacheka, nikasema kampuni kubwa namna ile.

Mimi na mhasibu tukajifungia ofisini kwake na vitabu vya risiti, yeye akisoma, mimi nikichapa, chai ikiletwa. Waliolipa kwa M-Pesa tuliwapata wote. Walioweka pesa benki ndio walitutesa, kwa sababu taarifa ya benki huonyesha aliyeweka pesa, si mwanafunzi: jina la mjomba, la shangazi, pengine la mwendesha boda aliyetumwa. Wazazi wakaitwa walete slipu. Wengi walileta, nyingine zimekunjwa hadi zinapasuka, nyingine zimelowa. Asiyekuwa nayo mtoto wake alihesabiwa kuwa na deni, akarudishwa nyumbani, na wengine wakalipa mara ya pili. Nilikuwa pale ofisini mama mmoja akiapa kwamba alilipa. Nilijua kwamba huenda anasema kweli. Nikaendelea kuchapa.

Mhasibu amestaafu. Juzi nilimwendea nyumbani, nikamweleza yote tangu ile paswadi. Alinisikiliza, halafu akaniuliza, “Yule uliyemuuzia mashine unamjua ni nani?” Sikujua. Ni mtoto wa dada yake. Alikuwa ameiona kompyuta “iliyoungua” ikifanya kazi Nyansiongo hata kabla hatujamaliza vitabu. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema, “Ningekuaibisha, ungekimbia. Nani angenichapia risiti?” Kisha akaongeza kwamba msamaha wangu nimeupeleka kwa mtu ambaye hakulipa chochote.

Kwa hiyo, mzazi uliyeambiwa muhula ule kwamba malipo yako hayaonekani, ukalipa tena: deni hilo ni langu, si la shule wala la stima. Njoo na risiti ya malipo ya pili, nyuma ya lile duka la dawa za mifugo. Zote kwa mara moja sina. Nitalipa kidogo kidogo, na kila malipo tutayaandika kwenye karatasi mbili, moja ubaki nayo wewe.