Deni la Uzee

Katika riwaya za Euphrase Kezilahabi, wanaojiua ni vijana. Rosa wa Rosa Mistika (1971) na Kazimoto wa Kichwamaji (1974) wanaiaga dunia kabla hawajazeeka, na ni rahisi kuvisoma vifo vyao kama shutuma kwa malezi na elimu. Mzee aliyeyachoka maisha hashughulishi sana uhakiki wetu. Yamkini hudhaniwa kuwa swali hilo alikwisha kulijibu kwa kuzeeka tu.

David Hume hakudhani hivyo. Katika insha yake kuhusu kujiua, iliyochapishwa mwaka 1777 baada ya kufa kwake, alishikilia kwamba wajibu kwa jamii ni wa kupeana. Ajiondoaye haidhuru jamii, bali hukoma tu kuitendea mema. Na aliyelemewa na uzee na maradhi halazimiki kuteseka kwa ajili ya faida ndogo anayowaletea wengine. Hoja hii ina huruma. Ikipelekwa Barani, kati ya Malindi na Kilifi, inageuka kuwa tishio.

Huko wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mvi zao zikishikwa kuwa ushahidi, na nyuma ya tuhuma aghalabu pana shamba linalongojewa. Baadhi ya waliookoka wamepata hifadhi Kaya Godoma, Ganze. Kaya hiyohiyo ya Wamijikenda ndiyo inayomtaka mzee awe mwalimu na mwombezi. Nyumbani alikofukuzwa ameitwa mchawi. Basi nani atakayepima kama bado ana faida? Mara nyingi mpimaji ni mrithi. Mzee anayesema amekuwa mzigo huenda anayakariri aliyoambiwa na wanawe.

Mwislamu wa Malindi angemjibu Hume kwa neno amana: uhai si mali ya aliye nao, hivyo hana ruhusa ya kuutupa. Jibu hili lina uzito kuliko hesabu ya faida. Lakini wanaolitumia humkumbusha mzee peke yake, wakasahau kwamba naye ni amana mikononi mwa jamaa zake.

Sheria nayo ilielemea upande huo. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Katiba yenyewe, tangu mwaka 2010, katika Kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kushiriki mambo ya jamii, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na jamaa zake pamoja na dola.