Andalio la Somo na Darasa Lenyewe

Katika chuo cha ualimu nilichokiongoza, tulikagua andalio la somo kabla mwanachuo hajaenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Andalio liliweza kuwa safi kabisa. Lakini kama darasa lina watoto themanini na vitabu kumi, somo lilikwama.

Richard Heeks wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, aliliona jambo kama hilo katika serikali ya kielektroniki. Mwaka 2003 alikadiria kwamba, katika nchi zinazoendelea, asilimia 35 ya miradi hiyo ilishindwa kabisa, asilimia 50 ilishindwa kwa sehemu, na asilimia 15 tu ndiyo iliyofanikiwa. Chanzo, alisema, ni pengo kati ya mradi ulivyobuniwa na hali halisi ya mahali unapopelekwa.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba kompyuta ni mbaya. Ada za serikali nazilipa kwa simu nikiwa barazani kwangu. Lakini mwalimu mwenzangu mmoja, alama za vidole vyake zimefutika kwa jembe na uzee. Mashine ya kuhakiki wastaafu ilimkataa mara tatu, na pensheni yake ikasimama miezi minne. Karani alimfahamu vizuri, maana alifundishwa naye. Ila hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba anamfahamu.

Watafiti wanaopima huduma hizi nawaomba wasihesabu waliohudumiwa tu. Wawahesabu pia waliorudi nyumbani mikono mitupu.